Digrii ya Pili na Nyota ya Luteni Usu

Kila Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) linapotangaza nafasi za kuandikisha vijana, tangazo lenyewe huzunguka kwenye simu za watu wa Unguja na Pemba kabla hata halijasomwa redioni, na kwa siku kadhaa huwa ndiyo habari ya barazani. Mistari inayotazamwa ni miwili tu: tarehe ya mwisho, na ule unaosema wanaotakiwa ni wenye elimu ya kidato cha nne hadi elimu ya juu. Mstari huu wa pili ndio unaosomwa vibaya. Vijana waliokwisha kumaliza chuo, wenye digrii ya ualimu, ya utawala au ya lugha ambayo haijawapatia kazi, wanausoma kama ngazi: kidato cha nne chini, digrii juu, na digrii mbili juu zaidi, kule kwenye uafisa. Ndiyo maana siku hizi utamkuta aliyemaliza chuo kikuu Tunguu mwaka juzi anarudi darasani kuanza digrii nyengine, au anajisajili uzamili wa mambo ya usalama, na ukimuuliza anakwenda wapi anakujibu: Monduli, kwenye chuo cha maafisa wa jeshi. Hoja yangu ni kwamba njia hiyo, kwa kijana wa Zanzibar, karibu kila mara humpeleka mbali na Monduli. Kinachompa mtu uafisa nchini mwetu ni umri, cheti cha Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), fani inayohitajika na mafunzo ya chuo cha jeshi chenyewe. Katika hayo manne, digrii ya pili inaweza kugusa moja tu, la fani, tena kwa bahati. Na njiani inakula umri, ambao haurudi.

Tuanze na namna afisa anavyopatikana. Ulinzi ni jambo la Muungano, na Zanzibar haina jeshi lake la kivita tangu lile lililoundwa baada ya Mapinduzi lilipoingizwa katika jeshi moja. JWTZ lilizaliwa tarehe 1 Septemba 1964, miezi michache baada ya Muungano, na baada ya askari wa Tanganyika Rifles kuasi tarehe 20 Januari mwaka huohuo na kuwakamata maafisa wao wa Kiingereza. Maafisa wale hawakupungukiwa na mafunzo wala vyeti. Walipungukiwa na kukubalika kwa watu waliokuwa wakiwaongoza, na jeshi jipya likajengwa kwa kuanzia upande huo: vijana wakatafutwa kupitia umoja wa vijana wa chama na kupitia Jeshi la Kujenga Taifa, ambalo lilikuwa limeanzishwa Julai 1963. Mengi yamebadilika tangu hapo, lakini mpangilio umebaki. Kwanza jeshi linataka limuone mtu, halafu ndipo lisome karatasi zake.

Na karatasi hizo hazimfikishi mtu Monduli moja kwa moja. Wengi katika wasomi wanaochukuliwa huanzia ukuruta, Kihangaiko wilayani Bagamoyo, wakicheza kwata pamoja na vijana wa kidato cha nne waliowazidi pumzi, na ni baadaye, jeshi likishawapima, ndipo baadhi yao huteuliwa kwenda Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi, Monduli, mkoani Arusha, wakiwa maafisa wanafunzi. Huko zipo njia mbili kubwa: kozi ya kawaida ya uafisa, na Shahada ya Sayansi ya Kijeshi ya miaka mitatu inayotolewa kwa ushirikiano na Chuo cha Uhasibu Arusha. Mwisho wa zote mbili ni uwanja mmoja wa gwaride, Amiri Jeshi Mkuu mbele, kamisheni moja na cheo kimoja, kile cha kwanza cha uafisa, Luteni Usu. Aliyeingia na digrii yake na aliyeipatia palepale Monduli wanatoka na nyota moja moja begani. Na shahada hiyo ya kijeshi, ambayo baadhi ya vijana wetu wanaidhania kuwa digrii ya pili wanayoweza kwenda kuisoma kwa pesa za wazee wao, haiombwi kama unavyoomba SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, au Chuo Kikuu cha Zanzibar. Jeshi ndilo linalomchagua wa kukaa katika darasa lile.

Sasa twende kwenye umri, maana hapa ndipo hesabu ya wengi inapoharibika. Matangazo ya JWTZ ya miaka ya karibuni yamekuwa yakiweka mipaka iliyo wazi: miaka 18 hadi 24 kwa wenye kidato cha nne na cha sita, isiyozidi 26 kwa wenye stashahada, isiyozidi 27 kwa wenye elimu ya juu, na 35 kwa madaktari bingwa. Zitazame nambari hizi vizuri. Kati ya kijana wa kidato cha sita na mwenye digrii kuna tofauti ya miaka mitatu tu, yaani muda wa digrii moja, isiyochelewa, isiyo na mwaka wa kurudia wala mwaka wa kukaa nyumbani kusubiri ada. Mtu aliyeipanga mipaka hiyo hakuwa anahesabu digrii mbili. Kijana wa kawaida wa kwetu humaliza kidato cha sita akiwa na miaka 19 au 20, wengine 21. Akienda chuo mfululizo anatoka na miaka 23 au 24. Akikaa mwaka mmoja kutafuta kazi, kisha akaingia digrii nyengine ya miaka mitatu, atavaa joho la pili akiwa na miaka 27 au 28. Kama ana 28, hana tena sababu ya kulisoma tangazo.

Wapo wanaosema mpaka huo ni wa kionevu, na hoja yao si ya kupuuzwa. Mtu wa miaka 29 leo ana afya, ana akili iliyotulia kuliko wa miaka 22, na nchi imetumia fedha nyingi kumsomesha. Kwa nini afungiwe mlango? Jibu limo katika umbo la jeshi. Afisa hanunuliwi sokoni akiwa Meja, lazima apitie. Luteni Usu anaanza na platuni, watu kama thelathini, analala nao porini na kuwajua kwa majina. Anapanda kuwa Luteni, kisha Kapteni, anashika madaraka ya kombania. Akifika kwenye ngazi ya Meja anaweza kupelekwa Chuo cha Ukamanda na Unadhimu kule Duluti, na wachache katika hao, miaka mingi baadaye, watakaa Chuo cha Taifa cha Ulinzi, Kunduchi. Kila kituo kinataka miaka yake, na kustaafu nako kunafungamana na cheo. Aliyeanza na miaka 30 atajikuta umri wa kustaafu unamkuta katikati ya safari, na jeshi limebaki na Kapteni mwenye mvi badala ya Kanali. Hii ndiyo sababu daktari bingwa anapewa hadi 35: hakuna anayetarajia aongoze kombania ya askari wa miguu. Anatakiwa chumba cha upasuaji, na ubingwa wake unachukua miaka ambayo hata jeshi haliwezi kuifupisha. Kwa hiyo mpaka wa 27, ukiutazama pamoja na ule wa 35, una mantiki. Mtu anaweza kubishana kuhusu mwaka mmoja au miwili, lakini si kuhusu msingi wake.

Kwa Mzanzibari kuna jambo zito kuliko hilo la umri, na halizungumzwi ipasavyo. Matangazo hayo yanataka mwombaji awe amehudhuria na kufuzu mafunzo ya JKT na kutunukiwa cheti. Mafunzo ya JKT kwa mujibu wa sheria yalisimama mwaka 1994 na kurejeshwa 2013, na tangu yarejeshwe, wito unaotolewa kila mwaka kwa waliomaliza kidato cha sita umekuwa ukiwataja wahitimu wa shule za Tanzania Bara. Maana yake kijana wa Morogoro au Tabora anaitwa kambini akiwa bado na miaka 19, anarudi na cheti, anaendelea na chuo, na siku tangazo la jeshi likitoka cheti hicho kimo kwenye bahasha yake. Kijana aliyemaliza skuli ya Lumumba, Unguja, au Fidel Castro, Pemba, hana wito huo wa moja kwa moja. Mlango wake ni ule wa kujitolea, unaopitia ofisi za wilaya na mikoa, wenye nafasi za kuhesabu na muda wa miaka miwili. Wengi hawaujui mpaka wamalize chuo. Hapo ndipo anapotanabahi, akiwa na digrii mkononi na miaka 24, kuwa alichokosa ni kile ambacho mwenzake wa Bara alikipata kabla hajaanza mwaka wa kwanza. Na anafanya nini? Badala ya kutafuta nafasi ya kujitolea haraka akiwa bado na muda, anakwenda kujisajili digrii ya pili. Ni sawa na mtu aliyekosa tiketi ya boti akaenda kununua begi la pili.

Kuna na mtego mwengine, huu wa kwetu wenyewe. Katiba ya Zanzibar ya 1984 inazitambua Idara Maalum za Serikali ya Mapinduzi: Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo (KMKM), Jeshi la Kujenga Uchumi (JKU), Chuo cha Mafunzo, yaani magereza ya Zanzibar, na baadaye Valantia (KVZ) na Zimamoto. Kwa mtu wa nje ni vigumu kuelewa nafasi ya vikosi hivi katika maisha ya visiwa. Hata ligi kuu ya mpira, ukiwaondoa KMKM, JKU, KVZ, Mafunzo na Zimamoto, unabaki na kiwanja kitupu. Vikosi hivi vinaajiri, vina vyeo na vina maafisa wao, na kwa kijana anayetaka sare ni kawaida kufikiri: nianze KMKM nipate mshahara, nisome digrii ya pili jioni, kisha nihamie JWTZ nikawe afisa. Matangazo ya JWTZ yamekuwa na sharti linalolizima wazo hilo kwa sentensi moja: mwombaji asiwe amewahi kutumikia Polisi, Magereza, Chuo cha Mafunzo au KMKM. Sielewi kwa nini sharti hili halibandikwi kwa herufi kubwa kwenye kila kituo cha kuandikisha hapa Unguja na Pemba. Mtu anayeingia Kibweni, makao makuu ya KMKM, aingie kwa sababu anataka kuwa mtu wa KMKM, kazi yenye heshima yake na bahari yake. Akiingia pale akidhani ni kituo cha kusubiria gari nyengine, amejifungia barabara kwa mkono wake.

Imani hii ya digrii ya pili imetoka wapi, basi, ikiwa masharti yetu hayaitaji? Sehemu yake imetoka kwenye ile desturi yetu ya zamani ya kuamini kuwa cheti kimoja kikikataliwa, dawa ni cha pili. Lakini sehemu kubwa, naamini, imetoka Marekani kwa njia ya video. Vijana wanatazama Wamarekani wakieleza kwa furaha namna walivyomaliza chuo, wakafanya kazi za ovyo, wakarudi kusoma digrii ya pili, na wakatoka na cheo cha afisa. Wanayoyasema ni kweli, kwa kwao. Marekani ina utaratibu wa ROTC, ulioasisiwa kwa sheria ya mwaka 1916, ambapo mafunzo ya kuwa afisa yanatolewa ndani ya vyuo vikuu vya kiraia. Mwanafunzi anasoma uhandisi au historia, na pembeni ya masomo hayo anasoma sayansi ya kijeshi, anafanya mazoezi alfajiri na kwenda kambi ya mafunzo Fort Knox, Kentucky, wakati wa likizo. Sharti mojawapo ni kuwa mwanafunzi wa kudumu mwenye angalau miaka miwili iliyobaki chuoni. Aliyekwisha kumaliza digrii yake hana tena miaka hiyo. Akianza uzamili, au digrii nyengine ya kwanza, anaipata.

Ukilielewa hilo, kila kitu kinabadilika. Digrii ya pili ya Mmarekani yule haikumpa uafisa kwa elimu iliyomo ndani yake. Ilimpa miaka miwili ya kuwa tena mwanafunzi, na ndani ya miaka hiyo miwili ndimo mafunzo ya kijeshi yalimokuwa. Angeweza kusoma upishi, mradi chuo chake kina kikosi cha ROTC. Tena asiyependa kurudi darasani anayo njia fupi zaidi: kwa digrii yake moja anaomba shule ya maafisa wanafunzi ya Fort Benning, Georgia, wiki 12, anatoka Luteni Usu. Hata huko mlango una umri wake, kwani ufadhili wa ROTC unamtaka mtu awe chini ya miaka 31 mwisho wa mwaka anaohitimu, na kamisheni ni ya raia wa nchi hiyo. Sasa chukua hadithi hiyo uilete kwenye vyuo vyetu vya Tunguu au Mchangamdogo, pasipo na ROTC, pasipo na saa moja ya sayansi ya kijeshi katika ratiba ya chuo. Umebeba gamba, kiini umekiacha Marekani. Mwanafunzi wetu atakaa miaka mitatu akisoma digrii ya pili na siku anayohitimu atakuwa na ukaribu uleule na jeshi aliokuwa nao siku ya kujisajili, ukitoa miaka mitatu.

Waingereza nao wana funzo lao. Kule Sandhurst, chuo chao cha maafisa, ambako kozi ya afisa huchukua wiki 44, digrii si sharti la kuingia, ingawa wengi wa wanaoingia siku hizi wanazo. Jirani zetu Kenya wao wanatangaza mafungu mawili yaliyotengana, maafisa wanafunzi wa kawaida na maafisa wataalamu, na kila fungu lina masharti yake ya umri. Katika nchi zote hizo sijaona pahala ambapo digrii ya pili, kwa kuwa ni ya pili tu, inahesabiwa kama sifa ya kijeshi.

Wanaoitetea digrii ya pili wana hoja tatu, na nitaanza na ile yenye nguvu. Wanasema jeshi la leo linataka fani ambazo zamani hazikuwapo: watu wa kompyuta na data, wahandisi wa meli na ndege, wataalamu wa hali ya hewa, watu wa mionzi na wa usingizi hospitalini. Kijana aliyesoma Kiswahili na historia hana nafasi katika orodha hiyo. Akirudi kusoma uhandisi wa meli, anaingia. Hapa nakubali zaidi ya nusu. Matangazo ya karibuni yanazitaja fani hizi adimu kwa majina, na orodha ya madaktari bingwa peke yake ni ndefu. Visiwa hivi vimezungukwa na bahari, chuo cha India cha IIT Madras kimefungua tawi Bweleo tangu 2023 na kinafundisha sayansi ya data na akili mnemba, SUZA inafundisha udaktari. Kijana aliyemaliza digrii ya kwanza akiwa na miaka 22, mwenye cheti cha JKT, akabadili fani mara moja bila kupoteza mwaka, anaweza kuwahi. Nasema anaweza. Lakini huyo ni mmoja katika wengi, na hata yeye angewahi zaidi kama angechagua fani hiyo tangu kidato cha tano. Wengi ninaowaona hawabadili fani kuelekea kwenye uhaba. Wanatoka utawala wanakwenda rasilimali watu, wanatoka ualimu wanakwenda sheria, au wanachukua uzamili wa masuala ya usalama kwa sababu jina lake linanukia jeshi. Kijana mmoja wa mtaani kwetu, mwenye digrii ya biashara, alinionesha barua yake ya kukubaliwa katika uzamili wa namna hiyo akiamini ndiyo barua ya kwanza ya uafisa. Somo hilo lina faida kwa afisa mkubwa aliyekwisha kuongoza watu, ndiyo maana Kunduchi wanalifundisha kwa maafisa waandamizi na watumishi wa ngazi za juu serikalini. Kwa raia wa miaka 25 ambaye hajawahi kushika bunduki, ni maarifa ya jumla.

Upande wa madaktari ndiko digrii ya pili inakopewa nafasi na jeshi lenyewe. Udaktari ni miaka mitano, mwaka mmoja wa mafunzo kazini, kisha ubingwa miaka mitatu au zaidi. Aliyeanza na miaka 20 atakuwa bingwa karibu na 30, na mlango wa 35 bado uko wazi. Hii ndiyo njia pekee ninayoweza kumwambia mzazi wa Wete au Makunduchi kwamba, ndiyo, cheti cha pili hapa kinamfikisha mtoto kwenye sare. Lakini safari hiyo inaanza na kemia na baiolojia za skuli, na skuli zetu nyingi bado zinamaliza mwaka zikiwa na vijana wengi wa sanaa kuliko wa sayansi.

Hoja ya pili ni kwamba bora kusoma kuliko kukaa maskani. Siipingi kama shauri la maisha. Kijana aliye darasani ana staha na ana ratiba. Ninachopinga ni kuiita maandalizi ya jeshi. Digrii ya pili ya ngazi ileile mara nyingi hulipiwa na familia, kwa mauzo ya karafuu, kwa mshahara wa dada, kwa kiwanja kilichouzwa. Kiasi hicho hicho kingetosha gharama za miaka miwili ya kujitolea JKT, na safari ya Mkoani hadi Dodoma kupeleka maombi, ambayo hutakiwa yaandikwe kwa mkono na kufikishwa Makao Makuu ya Jeshi. Boti mbili, kisha basi au treni, na malazi. Familia inayoona uzito wa nauli hiyo lakini haioni uzito wa ada ya miaka mitatu imepotoshwa na mtu.

Hoja ya tatu ndiyo dhaifu kuliko zote, nayo ndiyo inayosikika zaidi: kwamba mwenye digrii mbili akiingia ataanzia cheo cha juu, na kwamba karatasi zikiwa nyingi hata asiye na mtu wa kumshika mkono hawezi kukataliwa. Nusu ya kwanza nimekwisha kuijibu kwa Luteni Usu na nyota yake moja. Nusu ya pili inajipinga yenyewe. Kama kweli nafasi zinakwenda kwa kujuana, kama wanavyonung'unika watu, basi digrii ya pili haiwezi kumnyang'anya nafasi mwenye mjomba, kwa kuwa huyo mjomba hakuwa akihesabu digrii. Na kama nafasi zinakwenda kwa masharti yaliyotangazwa, basi masharti hayo hayana kifungu cha digrii mbili. Katika hali zote mbili fedha imepotea. Manung'uniko yenyewe yana historia yake visiwani na sina nia ya kuyabeza. Watu wanaujua ule mgawo wa asilimia 79 za Bara kwa 21 za Zanzibar wa ajira katika taasisi za Muungano na wana haki ya kuuliza unatekelezwaje. Wana haki pia ya kukumbusha kuwa ibara ya 147 ya Katiba ya Muungano inamkataza mwanajeshi kuwa mwanachama wa chama cha siasa, kwa hiyo kadi ya chama haipaswi kumsaidia mtu wala kumdhuru. Hayo ni maswali ya kuulizwa katika Baraza la Wawakilishi na Bungeni. Kuyajibu kwa kumrudisha kijana chuoni ni kumlipisha yeye deni lisilo lake.

Kinachosikitisha ni kwamba digrii ya pili ina nafasi yake halisi katika maisha ya afisa, ila iko upande wa pili wa gwaride. Jeshi linasomesha. Lina chuo cha sayansi za tiba Lugalo, lina Duluti na Kunduchi, na linawapeleka maafisa wake vyuo vya ndani na vya nje wakiwa na mshahara na cheo. Kijana aliyeingia na digrii moja akiwa na miaka 24, akapata kamisheni, anaweza kufika miaka 35 akiwa na uzamili ambao hakuulipia, tena katika fani ambayo jeshi limeona linaihitaji. Mwenzake aliyetaka kuingia na karatasi mbili atakuwa na uzamili huohuo na barua za maombi zilizorudi. Kilichowatenganisha ni mpangilio tu wa nini kitangulie.

Kwa hiyo mzigo wa kurekebisha jambo hili siuoni kuwa wa vijana peke yao. Wa kwanza kuulizwa ni wale wenye mamlaka ya wito wa JKT. Maadamu cheti hicho ni sharti la jeshi la Muungano, mhitimu wa kidato cha sita wa Pemba anastahili kuitwa kambini kwa utaratibu uleule na katika umri uleule wa mhitimu wa Pwani, au kama kuna kikwazo cha kisheria au cha nafasi, kielezwe hadharani. Dk. Hussein Ali Mwinyi aliiongoza Wizara ya Ulinzi ya Muungano kwa miaka mingi kabla ya kuwa Rais wa Zanzibar mwaka 2020, na Rais Samia Suluhu Hassan, Amiri Jeshi Mkuu, ni mzaliwa wa Kizimkazi. Haijapata kutokea wakati ambapo jambo hili lingekuwa jepesi zaidi kufika mezani. Wa pili ni vyuo vyetu. Chuo cha Uhasibu Arusha kiko karibu na Monduli na kikatumia ukaribu huo kutengeneza shahada ya pamoja. SUZA ina jirani zake wa jeshi, Brigedi ya Nyuki mjini na kambi ya Ali Khamis kule Vitongoji, Pemba, na sioni kwa nini isizungumze na jeshi kuhusu fani za bahari, ambako visiwa vina la kusema kuliko Arusha. Hata kama mazungumzo hayo hayatazaa shahada, yatazaa maelezo sahihi, na maelezo sahihi ndiyo yanayokosekana.

Wa tatu ni walimu wa ushauri wa skuli za sekondari, ambao wengi wao wanagawa fomu za vyuo bila ya kuwa na nakala ya tangazo hata moja la jeshi. Kijana anayetaka uafisa anapaswa kukaa na mwalimu wake akiwa kidato cha nne, na wazungumze kuhusu mchepuo wa sayansi, miaka miwili ya kujitolea JKT, mpaka wa 24 na ule wa 27, na lile sharti la KMKM. Mazungumzo hayo hayafiki nusu saa. Kwa aliyekwisha kumaliza chuo na ana miaka 24 leo, maelekezo ni mafupi zaidi: aende ofisi ya wilaya aulize nafasi za JKT za mwaka huu zinatoka lini, na fomu ya digrii ya pili aiache mezani kwa msajili.